Nani wa kumtia mtoto wetu birikani?

Leo nakuomba ufungue Biblia yako, Injili ya Yohana sura ya 5, usome habari za birika la Bethzatha, kisha urudi hapa tuzungumze.

Umeshasoma? Basi umekutana na yule mtu aliyeugua miaka 38. Sisi tunaohubiri huwa tunakimbilia mwisho wa habari, pale anapobeba godoro lake na kuondoka. Leo nataka tukae kidogo kwenye jibu lake. Yesu anamuuliza kama anataka kupona, naye hasemi ndiyo wala hapana. Anaeleza utaratibu wa pale: maji yakitibuliwa, anayepona ni aliyewahi kuingia, na yeye hana mtu wa kumwingiza. Hana shaka kwamba tiba ipo. Tatizo lake ni kwamba kila mara kuna mtu aliyemtangulia.

Mwezi uliopita nilikwenda kwetu Ipililo, upande wa Maswa, mkoani Simiyu, kwenye msiba. Tulipomaliza kuzika, mama mmoja wa kanisa la pale alinifuata chini ya mwarobaini nilipokuwa nimekaa na wazee. Alikuwa amembeba mtoto wa kike wa miaka sita, ambaye kwa mwili ungemkadiria minne. Macho yana unjano, tumbo limejaa kwa sababu ya bandama. "Shikamoo baba." "Marahaba mama, poleni na msiba." Akanyamaza kidogo, halafu akasema lililomleta. Mtoto ana selimundu. Kaka yake aliyeko Mwanza ameona kwenye simu kwamba huko Ulaya wamepata tiba ya kurekebisha vinasaba, na mgonjwa wa selimundu anapona. "Wewe baba unaandika kwenye gazeti. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa sisi tuliookoka ni halali?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema tuombe Mungu, tukaomba, akaondoka na mtoto wake. Njiani kurudi nikaona aibu. Maswali yake yalikuwa ya mtu aliyekaa akafikiri, na mimi nilimpa jibu la mtu anayewahi basi. Nayajibu hapa, nikijua kwamba huenda ni maswali yako pia.

Ni kweli. Tarehe 16 Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba iitwayo Casgevy, na Marekani ikafuata tarehe 8 Desemba mwaka huo huo. Madaktari huchukua kutoka kwa mgonjwa mwenyewe zile seli mama zinazozalisha damu, wakazipeleka maabara. Huko hutumia chombo kiitwacho CRISPR, ambacho unaweza kukifikiria kama mkasi mdogo mno, kukata sehemu moja ya vinasaba. Sehemu hiyo ndiyo inayouzuia mwili usiendelee kutengeneza ile damu tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama zetu. Kizuizi kikiondoka, mwili unarudia kutengeneza damu ya kichanga, na damu hiyo haijikunji kama mundu. Bi Victoria Gray wa jimbo la Mississippi, mama wa watoto wanne, ndiye mgonjwa wa kwanza wa selimundu kutibiwa hivyo Marekani, mwaka 2019, na amesimulia hadharani jinsi maumivu yalivyomwacha. Katika jaribio lililotumika kuidhinisha tiba hiyo nchini mwake, wagonjwa 31 walikuwa wamefuatiliwa kwa muda wa kutosha, na 29 kati yao walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila yale maumivu makali.

Lakini simu haikumwonyesha yule kijana wa Mwanza yote. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali, za jamii ile wanayopewa wagonjwa wa saratani, ili uloto wake wa zamani ufe na kuachia nafasi. Nywele hukatika, kinga ya mwili hushuka, hulazwa wiki kadhaa, na dawa hizo zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Tiba ilipoidhinishwa ilikuwa kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea, kwa hiyo mtoto wetu wa Ipililo hakuhesabiwa. Na bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5 za kwetu. Ukimhesabu ng'ombe kwa milioni moja, hao ni zaidi ya ng'ombe elfu tano. Hata sisi Wasukuma hatujawahi kuliona zizi hilo.

Sasa swali la pili, la halali na haramu. Kabla sijalijibu, nina jambo langu la kuungama.

Nilikuwa na mdogo wangu aliyefariki akiwa na miaka saba. Kila msimu wa baridi alilia usiku kwa maumivu ya mifupa. Vidole vilimvimba tangu akiwa mchanga. Walimchanja chale kwenye viungo. Walimfunga hirizi. Alipofariki, mganga alitaja ukoo, na ukoo ukamtaja shangazi yetu, dada yake baba, mjane asiye na mtoto. Wewe uliyekulia kwetu unajua jambo kama hilo lingeweza kuishia wapi miaka ile. Shangazi aliokoka kwa kuhama usiku. Mimi, niliyekuwa tayari nimebatizwa na ninaimba kwaya, nilikaa miaka kumi na moja bila kumsalimia. Siku nilipopimwa hospitali na kuambiwa kwamba ninabeba jeni moja ya selimundu, na kwamba mdogo wangu alipata moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Shangazi alikuwa ameshakufa.

Ndiyo maana mtu akianza kuniambia kwamba kugusa vinasaba ni kuingilia kazi ya Mungu, namwomba asome kwanza Yohana sura ya 9. Wanafunzi walimwona kipofu wa kuzaliwa na swali lao la kwanza likawa la kutafuta mwenye dhambi, ni yeye au wazazi wake. Bwana alikataa mlango huo, akatengeneza tope kwa mate, akampaka, akampeleka kunawa. Alichokuta kimeharibika tangu tumboni alikigusa kwa mkono. Sijapata mahali katika Injili ambapo Yesu alimwacha mgonjwa kama alivyo kwa kuheshimu namna alivyozaliwa.

Hata hivyo, msomaji wangu, usidhani basi mlango uko wazi wote. Kuna mpaka, na ni vizuri muumini wa kawaida aujue, maana watakuja watu wenye maneno mazuri. Kurekebisha seli za damu za mgonjwa aliyepo ni jambo moja. Marekebisho hayo yanaishia kwake. Hata aliyepona kwa tiba hii anaweza bado kuwarithisha watoto wake jeni ya selimundu. Kurekebisha mimba changa, au yai na mbegu ya uzazi, ni jambo jingine, kwa sababu hapo unawaandikia vitukuu ambao hawajaulizwa. Mwezi Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba watoto mapacha wamezaliwa baada ya yeye kubadili vinasaba vyao wakiwa mimba changa. Wanasayansi wenzake duniani walimlaani, na mwaka uliofuata mahakama ya nchi yake ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu. Kanisa Katoliki lilikuwa limeshauweka mpaka huo miaka kumi kabla, katika waraka Dignitas Personae wa mwaka 2008: kutibu seli za mwili kwa lengo la kuponya kunakubalika kimsingi, lakini kubadili urithi wa uzazi, kwa hali ya utafiti ilivyo, hapana. Mimi si Mkatoliki, na sioni kwa nini tusikubaliane nao hapa.

Na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu yetu ya kwenda taratibu, ambayo mtu wa Ulaya hana. Miaka ya 1950 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu, na miongoni mwa alikopima ni Musoma, jirani zetu kabisa. Alichogundua kimo leo katika vitabu vya wanafunzi dunia nzima. Mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu anakuwa na kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu jeni hiyo imejaa hapa kwetu penye mbu, na tafiti za Kanda ya Ziwa zinakadiria kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano anaibeba. Tafakari hilo kidogo. Kitu kilekile kilichomuua mdogo wangu ndicho pengine kilichomvusha babu yangu utotoni, na mimi baada yake. Sisemi selimundu ni baraka. Nenda kamwambie hivyo mama aliyekesha na mtoto anayelia, uone atakujibu nini. Ninachosema ni kwamba atakayekuja na wazo la kuing'oa jeni hii katika uzao wetu wote, wakati malaria bado ipo, atakuwa anang'oa asichokijua vizuri. Mponye mtoto aliyepo. Uzao wake mwachie.

Kwa hiyo, mama wa Ipililo, jibu langu ni kwamba tiba hiyo ni halali, tena ni neema. Nisiloweza kukuambia ni nani atakayemwingiza mwanao birikani, na kwa sheria zipi. Hapo ndipo dhambi inapoweza kuingia, na haitakuwa yako.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na barani Afrika tunazidiwa na Nigeria na Kongo tu. Watu wenye wagonjwa wengi namna hiyo wataombwa kushiriki majaribio ya tiba za namna hii, leo au kesho. Tayari mwaka 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na mfuko wa Gates waliahidi kila mmoja angalau dola milioni 100, kwa lengo la kutafuta tiba ya vinasaba kwa selimundu na VVU inayoweza kufika nchi kama yetu. Napenda waje. Pale Muhimbili, programu ya selimundu iliyoanzishwa na Profesa Julie Makani na wenzake imefuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004, kwa hiyo wataalamu wa kukaa nao meza moja tunao. Ila wakija, wakute tumeshaongea sisi kwa sisi.

Tunajua kinachotokea tusipoongea. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Simsemi marehemu vibaya. Sijui moyo wake, na nilikuwapo kwenye foleni, nimempeleka mama mkwe. Najua nilichokiona: magari yamepangana kilomita nyingi, wagonjwa wanafia njiani kabla ya kufika, na watu wanarudi nyumbani na kuweka kando vidonge vyao vya VVU kwa sababu wamekwisha kunywa. Tulikuwa na matumaini mengi na hatukuwa na mtu wa kutuuliza maswali. Na usidhani ni ujinga wa Waafrika. Huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alikufa siku nne baada ya kupewa tiba ya jeni katika jaribio, na uchunguzi ukaja kuonyesha kwamba mengi yaliyopaswa kuelezwa hayakuelezwa. Masharti mengi ya leo yalikazwa baada ya kifo hicho.

Hapa nchini, jaribio la dawa kwa binadamu linahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na ithibati ya maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Huo ni msingi mzuri. Lakini sheria ni kama nyavu, lazima uangalie na samaki unayemvua. Tiba hii haiishi siku unapotoka hospitali. Wataalamu wanataka aliyetibiwa afuatiliwe hadi miaka 15, na wana sababu: tiba nyingine ya selimundu iliyoidhinishwa Marekani siku moja na Casgevy imewekewa onyo zito kuhusu saratani ya damu. Miaka 15! Ipililo mtu hubadilisha namba ya simu kila akipoteza laini, vijana huhamia Katoro kuchimba dhahabu, na msichana akiolewa anahamia kijiji kingine kwa jina la mumewe. Nani atamfuata huko, kwa fedha ya nani, baada ya wafadhili wa utafiti kufunga ofisi? Hilo liandikwe kwenye kibali kabla ya sindano ya kwanza. Liandikwe pia kwamba wagonjwa wa nchi iliyotoa miili na damu yao kwa jaribio wataipata tiba ikifaulu, kwa bei inayoeleweka. Na ridhaa isiwe kidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza. Bibi anayejua Kisukuma tu aelezwe kwa Kisukuma kwamba mjukuu wake anaweza kupona na anaweza asipate mtoto.

Nashangaa jinsi tulivyobishana kwa miaka juu ya vinasaba vya mahindi, yale yaliyojaribiwa Makutupora, Dodoma, hadi mwaka 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame. Kila mkulima wa pamba kwetu alikuwa na maoni yake. Juu ya vinasaba vya watoto, sijasikia hata mahubiri moja.

Naijua hoja utakayonirudishia: tunajadili tiba ya bilioni tano wakati zahanati haina dawa? Ni hoja nzuri na ndiyo inayoniuma zaidi. Inakadiriwa kwamba bila matunzo, zaidi ya nusu ya watoto wenye selimundu barani Afrika hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na wanachokufa nacho mara nyingi ni maambukizi, malaria na upungufu wa damu, vitu vyenye kinga na dawa. Mtoto akipimwa mapema, akapewa pensilini, vidonge vya foliki, chanjo, chandarua, na haidroksiyurea kwa uangalizi wa daktari, anaweza kukua, akasoma, akaoa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwenda mbali zaidi na tangu mwaka 2023 imekuwa ikipandikiza uloto kwa watoto wa selimundu wenye ndugu anayefanana nao. Hayo yote ni maji ya birika lilelile. Anayesema tusubiri ya Ulaya amekosea sawa na anayesema hayo ya Ulaya hayatuhusu.

Na wewe mzee wa kanisa unayesoma hapa, kuna sehemu yako ambayo hakuna serikali itakayoifanya. Ukiwafundisha wachumba, waambie wapime selimundu kama mnavyowaambia wapime VVU. Usiwakatalie ndoa, wakiwa wanaibeba wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa, na ni haki yao kujua hilo kabla, si mahakama ya kanisa kuwaamulia. Nimesikia majibu ya vipimo yakisomwa mbele ya baraza la wazee. Acheni. Na mama akizaa mtoto wa namna hiyo, msimwekee maombi ya kukemea laana ya ukoo wao. Hiyo damu imetoka pande zote mbili, nusu kwa nusu.

Jumatano nilimpigia simu mwinjilisti wa Ipililo, nikamwomba anitafutie yule mama. Nikamweleza haya yote kwa simu, kwa kirefu, salio likakata mara mbili. Mtoto alikuwa na miezi minne hajaenda kliniki kwa sababu ya nauli. Tumechanga watu wanne, na Alhamisi ijayo wanakwenda Bugando, Mwanza. Atampeleka na mdogo wake akapimwe, maana naye vidole vimeanza kuvimba. Kabla ya kukata simu aliniuliza tena lile jina la tiba, nikamtajia herufi kwa herufi, akaandika. Akauliza ni miaka mingapi bado mwanawe afikishe 12. Nikamwambia sita.